Kutengeneza video ya somo kwa simu yako tu: mwongozo kamili kwa mwalimu, kuanzia karatasi mpaka TV ya darasani

Walimu wenzangu habari za saa hizi. Hili swali la video nimeulizwa sana, kila nikijibu kwa voisi najikuta narudia yale yale, leo nimeamua nikae niandike yote mara moja anayetaka asome taratibu.

Mi nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne. Darasa lina watoto 80 na kitu, bureti (ule mrija mrefu wa kioo wenye vipimo na bomba chini) nzima tunazo nne. Ukisimama mbele uonyeshe taitresheni (kudondosha asidi kwenye besi mpaka rangi igeuke) wanaoona ni wale wa dawati la kwanza, waliobaki wanaona mgongo wako, alafu siku ya praktiko ya mtihani mtoto ndo anashika bureti kwa mara ya pili maishani mwake. Hapo ndo nilipoanza kurekodi. Kwahiyo mfano wangu humu ni taitresheni mwanzo mwisho, we wa biolojia au jiografia utageuza mwenyewe, kazi ni ile ile.

Kabla ya yote jiulize, hii kitu inahitaji video kweli? Kama unaweza kuieleza kwa chaki, tumia chaki. Video inafaa pale kitu ni kidogo mno (tone la asidi, mshipa wa jani), au kinachukua muda mrefu (mbegu kuota), au ni cha hatari, au shuleni hakipo kabisa. Kujirekodi umesimama ubaoni dakika 40 sio video ya somo hiyo, ni kipindi kile kile kimekosa mwalimu wa kuulizwa maswali. Mi yangu ya kwanza ilikua dakika 22, niliiweka saa nane mchana baada ya chakula, wewe mwenyewe unajua nini kilitokea.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza, simu iache mfukoni

Video moja, swali moja. "Taitresheni" sio video moja, ni tatu: kujaza na kusoma bureti, kutumia pipeti (mrija wa kuvutia na kupima ujazo), na kukamata ile rangi inapogeuka. Ukizichanganya unapata yale madakika 22 yangu. Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video za masomo ya edX (jukwaa la kozi za mtandaoni), wakaona ikishazidi dakika 6 hivi watu wanaachia njiani. Wale walikua watu wazima waliojiandikisha wenyewe kwa hiari yao, sasa wa kwako wa kidato cha tatu je? Mi najiwekea dakika 4.

Chukua karatasi uikunje katikati. Kushoto andika kitakachoonekana, kulia andika utakachosema. Yangu ya kukamata rangi ilikua hivi: meza nzima kwa sekunde 5, mkono unatia matone mawili ya methili oranji (ile dawa inayoonyesha kwa rangi kama ni asidi au besi) kwenye flaski yenye sentimita za ujazo 25 za besi, rangi inakua njano, bomba la bureti linafunguliwa, flaski inazungushwa, matone ya mwisho moja moja, rangi inafika chungwa, mkono unafunga, bureti inasomwa. Vipande tisa tu. Usichore vizuri, mi nachora viduara na mishale.

Upande wa kulia uandike maneno yenyewe utakayosema, sio vichwa vya habari, maana usipoandika utasema "eeh kwahiyo hapa sasa" mara kumi. Mi nikisoma taratibu napata kama maneno 100 kwa dakika, kwahiyo video ya dakika 4 haizidi maneno 400, na hata hayo ni mengi, kuna sehemu unyamaze waangalie. Lugha nayo iamue hapo hapo kwenye karatasi. Mtihani wetu wa kemia ni wa Kiingereza, so majina ya vifaa nayataja kama yanavyokuja kwenye karatasi ya mtihani, ila sababu ya kufanya hivi na sio vile naieleza kwa Kiswahili, na hapo ndo utaona vichwa vinaanza kutikisika.

Hatua ya 2: Iandae simu

Hii ni fupi. Futa lenzi kwa kitambaa kisafi (usicheke, nusu ya video za ukungu ni mafuta ya vidole). Weka hali ya ndegeni simu isilie katikati. Angalia nafasi, simu nyingi zikirekodi 1080p (kipimo cha ubora wa picha) zinakula zaidi ya MB 100 kwa dakika, kwahiyo ukiwa na GB 2 zimebaki futa kwanza zile picha za harusi. Kwenye mipangilio ya kamera weka 1080p na 30 (yani picha 30 kwa sekunde), na ukiona pameandikwa HEVC au H.265 pazime, faili linakua dogo kweli ila laptop za zamani na TV nyingi zinagoma kulicheza, utakuja kuaibika mbele ya watoto. Tumia kamera ya nyuma. Na simu ilale. Ilale! TV ya darasani imelala, ukirekodi simu imesimama utapata picha nyembamba katikati na weusi huku na huku.

Hatua ya 3: Mwanga na rangi

Hapa nitakaa kidogo maana ndo nilipoumia. Nilirekodi taitresheni yote vizuri, sauti safi, nikaenda kuangalia, ile njano imekua chungwa tangu mwanzo. Yani somo lenyewe ni rangi kugeuka alafu rangi haigeuki. Kilichotokea ni kwamba maabara ilikua na mwanga wa dirishani upande mmoja na taa ya njano juu, simu ikachanganyikiwa, kila mkono wangu ukipita mbele inabadilisha rangi yenyewe.

Dawa yake iko hivi. Chagua mwanga wa aina moja tu, na wa bure upo, dirisha. Zima taa zote, sogeza meza karibu na dirisha, wewe na simu mwe na dirisha ubavuni, sio nyuma ya kifaa (kitakua kivuli cheusi) wala jua lisipige moja kwa moja juu ya kioo maana flaski itang'aa kama taa ya gari. Saa tatu hadi saa tano asubuhi panafaa, jua likiwa kali tundika shuka jeupe dirishani. Chini ya flaski weka karatasi nyeupe na nyuma yake nyingine, hiyo inasaidia jicho na inaisaidia simu kujua nyeupe ni ipi.

Alafu bonyeza skrini pale kwenye flaski, kidole kikae sekunde mbili tatu mpaka utokee mchoro wa kufuli. Hapo fokasi na mwangaza vimefungwa, havitacheza tena mkono ukipita. Kama simu yako ina ile hali ya Pro ndani yake kuna WB (white balance, inayoiambia simu nyeupe ni ipi), nayo ifunge. Zima urembo, zima HDR (ile inayosawazisha mwanga na kivuli), zima ile "AI" ya kukoleza rangi, hizo zimetengenezwa zipendezeshe sherehe, zinakudanganya kwenye methili oranji.

Na kuna kitu kimoja ambacho ubaoni huwezi kukifanya. Andaa flaski tatu kabla: moja ya njano bado, moja imefika chungwa sawasawa, moja umezidisha makusudi imekua nyekundu. Zipange pamoja juu ya karatasi nyeupe, zirekodi sekunde 10 bila kusema neno. Watoto wangu hiyo picha ndo wanayoikumbuka.

Jambo lingine la kamera ni kimo. Kamera ndo jicho la mtoto. Bureti inasomwa jicho likiwa sawa na chini ya ule mbonyeo wa maji, kwahiyo lenzi nayo ikae hapo hapo. Ukirekodi kutoka juu kwa sababu ndo mkono wako unapofika, umewafundisha watoto 80 kusoma vibaya kwa mpigo. Na toa faneli kabla ya kusoma, na vaa miwani ya maabara, na usivute pipeti kwa mdomo, kila utakachofanya kwenye video wataiga hata usipokisema.

Hatua ya 4: Simu isishikwe kwa mkono

Stendi ya dukani sio lazima. Matofali mawili na mpira wa tyubu ya baiskeli vinaishika simu vizuri sana. Ukitaka kurekodi kutoka juu, mfano unapasua ua au unachora, weka stuli juu ya meza, rula ndefu ya mbao itokeze mbele, nyuma yake ikandamize kwa vitabu vizito, simu ilale mbele lenzi ikitazama chini. Jaribu kwanza na kitu kisichovunjika lol.

Usiisogeze simu karibu mno na kifaa, chini ya sentimita 10 simu nyingi zinashindwa kufokasi. Rudi nyuma sentimita 25 au 30 alafu vuta mara 2.

Hatua ya 5: Kurekodi

Rekodi kipande kimoja kimoja kufuata karatasi yako, usirekodi yote kwa mkupuo. Ukikosea kipande cha sita unarudia cha sita tu. Ukishabonyeza kitufe hesabu mpaka tatu ndo uanze, ukimaliza hesabu tena tatu ndo uzime, zile sekunde za ziada utanishukuru wakati wa kukata. Kila kipande kirudie mara mbili hata kama cha kwanza kimekaa vizuri.

Watoto wakiwemo rekodi mikono yao tu. Sura inahitaji ruhusa ya mzazi, na kwa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mkuu wa shule naye ajue. Mikono inatosha kabisa, kwenye taitresheni sura ya mtu ina kazi gani?

Hatua ya 6: Sauti

Picha mbaya watoto wanavumilia, sauti mbaya hawavumilii. Na madarasa yetu ya bati tunayajua, mvua ikianza ndo basi, na hata bila mvua chumba kitupu kinarudisha mwangwi kama upo kwenye pipa.

Ushauri wangu kwa anayeanza: usiongee wakati unarekodi picha. Rekodi picha kimya, sauti isome baadaye ukiwa nyumbani. Mikono inakua huru, akili inakua kwenye kitu kimoja, na jogoo wa jirani hakuharibii kazi ya asubuhi nzima. Sehemu nzuri ya kurekodi sauti ni chumbani, kwenye kitanda, makapeti na nguo, hivyo vitu vinameza mwangwi. Ndani ya gari lililozimwa, vioo vimefungwa, ni pazuri zaidi kama unalo. Mwenzangu mmoja hua anajifunika blanketi zito kichwani, anatoka jasho ila sauti yake ni kama ya redioni.

Maiki ya kubana kwenye shati ikiwepo sawa, isipokuwepo tumia ile maiki ya hedifoni za kawaida za waya, ikae upana wa kiganja kutoka mdomoni na kidogo pembeni ili pumzi isipige "puh". Usiibane kwenye tai au kwenye mtandio, itakwaruza. Rekodi kwa programu ya kurekodi sauti iliyomo kwenye simu. Rekodi nusu dakika ya majaribio, sikiliza kwa hedifoni, ndo uendelee. Ukikosea sentensi usizime, nyamaza kidogo alafu irudie sentensi yote toka mwanzo, kosa utalikata.

Kama lazima uongee huku unafanya, simu ya pili irekodi sauti mfukoni mwa shati, na mwanzoni piga kofi moja mbele ya kamera, kwenye kuediti utalinganisha mlio wa kofi na picha ya mikono inapokutana.

Hatua ya 7: Kuediti

Programu za simu zipo nyingi: CapCut, InShot, VN, KineMaster. Zote kazi ya msingi zinafanya. KineMaster ya bure inabandika chapa yake kwenye video, CapCut inaweka kipande chake mwishoni ambacho unakifuta tu. Chagua moja usihame hame. Mwenye laptop ajaribu Shotcut, ni ya bure na haina makuu.

Utaratibu wangu ni huu, na mpangilio wake una maana kwahiyo usiruke:

Fungua mradi mpya, chagua 16:9 (umbo la picha iliyolala), ingiza vipande vyote kwa mpangilio wa karatasi. Vitajipanga kwenye ule mstari wa chini.

Ingiza sauti. Safisha sauti kwanza kabla hujagusa picha: sogeza mpaka mahali pa kosa, bonyeza alama ya mkasi, sogeza mpaka mwisho wa kosa, mkasi tena, futa kipande cha katikati. Sentensi na sentensi ziache na upumuo kidogo.

Sasa sauti yako ndo rula. Picha ipimwe kwa sauti, sio sauti kwa picha. Maneno yanaposema "tunatia matone mawili" mkono uwe unatia matone mawili. Picha ikizidi kata mwisho wake, ikipungua ongeza kipande kile cha pili ulichorudia. Sauti asili ya vipande vya picha iteremshe mpaka sifuri.

Sehemu ya kungoja iharakishe, mfano asidi inapotiririka mwanzoni nusu dakika nzima, weka kasi mara 4. Ila matone ya mwisho usiyaguse! Pale wacha muda wa kweli, mtoto aone kwamba unangoja, unazungusha, unangoja. Ukiharakisha pale umeua somo.

Kusimamisha picha ndo silaha yangu. Mwisho bureti ikionekana, nasimamisha picha kwa sekunde 10, maandishi yanauliza "Umesoma ngapi?" na sauti inanyamaza. Darasa zima linaandika jibu kwenye daftari, ndo video inaendelea na jibu. Bila hivo wanaangalia kama wanaangalia tamthilia.

Maandishi yawe machache na makubwa. Usiandike sentensi ile ile unayoisoma, mtoto hawezi kusoma na kusikiliza na kuangalia flaski kwa wakati mmoja. Andika jina la kifaa, namba, basi. Kipimo changu: naweka simu mezani narudi hatua nne, nikishindwa kusoma nayaongeza.

Muziki usiweke. Najua wengi hamtakubali, mtasema inachangamsha, lakini darasa la watu 80 lina kelele zake tayari, muziki unapigana na sauti yako na ukiweka wimbo wa mtu unaleta mambo ya hakimiliki bure. Zile mbwembwe za picha kuzunguka na kupasuka vioo kati ya kipande na kipande nazo achana nazo.

Hatua ya 8: Kutoa faili

Ukishamaliza bonyeza kutoa. Weka 720p, 30, MP4, na kama inakuuliza bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) weka 2.5 Mbps hivi. Kwa hesabu hiyo dakika moja inakua karibu MB 19, video ya dakika 4 haifiki MB 80, na kwa TV ya darasani 720p inatosha. Usifute vipande vya mwanzo mpaka uone faili limecheza kwenye kifaa kingine.

Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp mtumie kama faili, sio kama video. Ukituma kama video inaibana na ile chungwa yako ya kupendeza inakua matope. Ila mwambie kwanza, MB 80 ni bando la mtu. Mi napenda flashi, naipitisha mkono kwa mkono, iwe imefomatiwa FAT32 (aina ya mpangilio wa flashi, utaiona ukiifomati) maana ndo TV nyingi zinaisoma bila maneno. Jina la faili liwe la maana, "Kemia_F3_taitresheni_rangi", sio "VID_2024_final_final2".

Hatua ya 9: Darasani

Watoto wetu simu hawaruhusiwi shuleni, kwahiyo hii ni ya kuangalia pamoja kwenye TV au projekta. Siku moja kabla nenda na flashi ujaribu kwenye TV ile ile, kaa dawati la nyuma kabisa, usome maandishi na usikilize. Spika za laptop hazifiki nyuma, tafuta spika, ya waya ni bora, zile za bluetooth nyingine zinachelewesha sauti. Umeme ukikatika uwe na chaki yako mfukoni na vile vichoro vya hatua ya kwanza, kumbe karatasi ina kazi mara mbili.

Usiiweke ukaondoka ofisini. Mi naicheza mara mbili: ya kwanza bila kusimamisha, ya pili nasimamisha kila mahali nauliza "kwanini amefunga sasa hivi na sio mapema?" Alafu siku hiyo hiyo wanashika bureti kwa zamu, na video inajirudia pale mbele bila sauti, aliyesahau ananyanyua kichwa anaangalia.

Ukitaka kuwafundisha walimu wenzako

Jumamosi moja ya masaa matatu inatosha, usiifanye semina. Usiwaonyeshe programu ina vitufe mia. Wafundishe vitu vinne: kukata, kuweka sauti, kusimamisha picha, kutoa faili. Waweke wawili wawili, na sheria ni kwamba anayejua haruhusiwi kugusa simu ya mwenzake, aelekeze kwa mdomo tu. Hii sheria inauma lakini bila hiyo kijana anamfanyia mzee kila kitu, na Jumatatu mzee hawezi chochote. Programu wapakue kabla ya kuja, usitegemee mtandao wa shule. Kila mmoja aondoke na video yake ya sekunde 40, ya kitu anachofundisha wiki ijayo, sio ya mazoezi ya kupiga picha maua nje.

Mzee wetu mmoja wa jiografia alikuja akisema yeye simu yake ni ya kupokea tu. Akarekodi jinsi ya kupima barabara yenye kona kwenye ramani kwa kutumia uzi, simu iko juu ya rula na stuli, mikono yake tu na ule uzi mwekundu. Sekunde 38. Aliirudia sauti mara saba kwa sababu kila mara alikua anaanza na "habari za asubuhi wanafunzi". Sa hivi yupo kwenye video ya tano, na maiki yangu nimeshaifuata kwake mara mbili, ananiambia nisubiri amalize ya kontua, ile mistari ya mwinuko kwenye ramani.